Safu ya Juu ya Mama Seul-gi

Dup.

Ndivyo Ban Chil-seong anavyoanza kila mara. Anagonga meza kwa gumba la kulia, mara moja tu, kisha ananyamaza ili na wewe usikie. Dup. Hiyo, anasema, ni sauti ya kibonye kirefu cha nafasi, siku ya kwanza alipoisikia, akiwa kijana amesimama kwenye foleni ya ofisi ya mtaa kule Mapo, jijini Seoul, akingoja cheti cha ukazi. Mbele yake kulikuwa na kioo cha ukungu, na nyuma ya kioo mtu alikuwa anapiga chapa. Vibonye vingine vyote vilikwenda upesi kama watu wanaoteremka ngazi, hakuna hata mmoja anayebaki kichwani. Lakini kila mwisho wa neno, dup, kama mtu aliyefika chini akatua mzigo.

"Sikumwona," husema. "Nilimsikia tu. Nikajua huyo ni mtu mwenye subira."

Mkewe, Mok Yeon-sun, ambaye sote tunamwita Mama Seul-gi kwa jina la binti yao, husema kwamba siku hiyo alikuwa na njaa, saa ya chakula ilikuwa imepita, na kibonye kile alikuwa anakipiga kwa hasira.

Wiki iliyofuata Chil-seong alirudi kuomba cheti kilekile. Kisha akaomba cha familia. Kisha akaomba uthibitisho kwamba baba yake ni baba yake, jambo ambalo baba yake, alipolisikia, halikumfurahisha. Mwishowe yule mwanamke akasimama nyuma ya kioo, kichwa kikatokeza juu.

"Wewe kaka, una vyeti vya kutosha kuanzisha ukoo mwingine. Kuna kingine?"

"Kimebaki kimoja," Chil-seong akasema, "ila hicho kinaombwa na watu wawili."

Mama Seul-gi anakana kwamba alicheka. Anasema alikohoa.

Maisha yake yote ya kazi Chil-seong alikuwa fundi wa lifti. Wenzake walifungua mabamba na kuingiza vipimo, yeye aliweka sikio kwenye mlango wa chini, akafumba macho, akasema, "Roli ya ghorofa ya sita imechoka." Na ikawa kweli imechoka. Alipostaafu masikio hayakustaafu naye. Kwenye jengo lao alikuwa akitoka ndani ya lifti anapitia kwa mlinzi kumweleza lifti ilivyolala, hadi mlinzi akamshauri, kwa heshima zote, atumie ngazi kwa ajili ya afya yake.

Hapo ndipo alipotufikia sisi.

Sisi ni watu wanaofungua kibodi kuukuu na kuziunda upya. Tunakutana Jumamosi juu ya karakana ya Bwana Seok, fundi wa kukereza vyuma, katika vichochoro vya Euljiro, ambako harufu ya mafuta ya mashine na ya makrili wa kuchoma hupanda ngazi pamoja. Ndugu zetu wanadhani tunaumwa. Utamkuta mtu mzima mwenye kazi yake na mkopo wake wa nyumba akibishana jioni nzima kama kibodi fulani inalia kama jiwe la mchezo wa baduk linapowekwa ubaoni au kama mwanzi ulionyeshewa. Do Han-bin ni daktari wa meno, na hupaka grisi kwenye swichi, vile vidude vya chini ya vibonye, kwa brashi zile ndogo za kazini kwake. Anasema brashi za meno ya watu ni nyingine. Hatujawahi kwenda kutazama.

Chil-seong alikaa kati yetu kama aliyezaliwa humo. Akiletewa kibodi hakuitazama, alifumba macho, akasema, "Piga." Siku moja alisikiliza kwa moyo wote hadi kiwiko kikatua ndani ya bakuli la supu ya kimchi, na hakukiondoa mpaka sentensi ikaisha.

"Mke wangu," alikuwa anapenda kusema, "hata umweke kati ya watu elfu wanaopiga chapa, mimi nitamwokota."

Basi tukamtega. Tulirekodi watu watano, kila mmoja kwa kibodi yake, Mama Seul-gi akiwa mmoja wao. Tulimwomba kwa simu, akakubali huku akiguna. Chil-seong akafumba macho. Wa kwanza, akatikisa kichwa. Wa pili, akatikisa. Wa tatu hakufika nusu dakika, akainua mkono.

"Huyo. Na alikuwa na chungu jikoni, ndiyo maana anakimbia."

Ilikuwa kweli, na chungu kilikuwepo. Tulimpigia shemeji yetu, Mama Seul-gi, simu kumpa habari, tukiwa tumeshangaa kweli.

"Hongera zake," akasema. "Sasa mwambieni huyo mwenye masikio kwamba asubuhi nimemwita mara tatu aje atoe takataka."

Mwaka ule kituo cha utamaduni cha wilaya kilitangaza mashindano ya kupiga chapa kwa waliovuka miaka sitini, kuadhimisha siku ya herufi zetu. Kila mtu aliruhusiwa kuja na kibodi yake. Mama Seul-gi alijiandikisha siku ileile. Hakusema sababu, lakini sababu ilikuwa na jina: Bi Guk Mi-ryeong, aliyekaa meza ya pili ofisini kwao kwa miaka mingi na ambaye mpaka leo, wakikutana sokoni, humwuliza, "Bado unapiga, dada, au vidole vimelala?"

Shida ilikuwa bega. Bega la kulia lilikuwa limekaza, ugonjwa ule tunaouita bega la miaka hamsini. "Limechelewa miaka kumi," Mama Seul-gi alisema, "limefuata tabia ya baba wa nyumba hii." Tabibu alimkataza kunyoosha mkono pembeni. Na kibodi yake, ile aliyopewa na ofisi alipostaafu kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, ilikuwa ndefu kama ubao wa kukandia unga, na upande wa kulia ina uwanja mzima wa namba, hivyo kipanya hukaa mbali kama jirani aliyenuna. Kila akikifuata, alikunja uso. Alifanya mazoezi kila alasiri, na kila alasiri alibandika plasta ya dawa begani, na nyumba nzima ikanuka kafuri.

Chil-seong alimtazama akikunja uso. Alimpenda. Tena alikuwa mmoja wetu. Mtu wa namna hiyo akiona kitu kikubwa kinamuumiza anayempenda, mkono wake huenda kwenye msumeno.

Alingoja Mama Seul-gi aende Gunsan kwa dada yake kusaidia kutia kaa wa baharini kwenye mchuzi wa soya. Alipopanda basi tu, Chil-seong akaifunga ile kibodi katika blanketi la mtoto, akaja nayo Euljiro.

Han-bin alifunua blanketi.

"Kaka, hii ni kibodi au mlango?"

"Zamani vitu vilikuwa vitu."

"Rangi ya siagi iliyosahauliwa mezani. Nzuri sana. Na swichi hizi hazipatikani tena." Akabonyeza kimoja, akafumba macho naye, maana ugonjwa ule huambukiza. "Tunatoa nini?"

"Uwanja wa namba. Huo ndio adui wa bega."

"Umetoka. Na hii safu ya juu kabisa, ya amri?"

"Sijawahi kuisikia ikilia."

"Imetoka. Basi, kaka, umefika hapa, usiishie mlangoni. Hii safu ya namba nayo ya nini?"

Chil-seong alifikiri. Sisi wote tulikuwa tumeizunguka meza, na kibodi yenye safu tatu tu ndiyo iliyokuwa inatutoa mate mwaka ule. Namba hazipotei: zinafichwa chini ya herufi, unashikilia kibonye kimoja kwa gumba na herufi zinageuka namba.

"Maandishi ya mashindano ni insha za zamani," Chil-seong akasema polepole. "Namba hazimo."

"Itakuwa kama kipande cha tofu," Han-bin akasema. "Ataiweka kwenye mkoba."

"Ataipenda?"

"Kaka, unamjua wewe. Si ndiye unayemwokota kati ya elfu?"

Hilo lilimaliza maneno. Bwana Seok alikata bamba na ubao wa saketi kwa msumeno mwembamba, Chil-seong akaunganisha tena njia za umeme kwa nyaya nyembamba kama nywele, na kwa siku zile chache alifungua swichi moja baada ya nyingine, akaziosha, akazikausha juu ya gazeti, akazipaka grisi. Bwana Seok alikereza sanduku la alumini lenye kingo za duara. Ilipokamilika ilitoshea kwenye viganja viwili. Tukapokezana kuipiga. Ililia kwa sauti nene na laini, na kuna mtu kati yetu, simtaji, machozi yalimlengalenga.

Kisha tukafuata desturi. Kibodi ikishakatwa, swichi za upande ulioondolewa hugawiwa waliokuwepo, kama chakula kinavyogawiwa baada ya tambiko la wazee, asiondoke mtu mikono mitupu. Mimi nilitia yangu kwenye funguo za gari.

Yaliyofuata nyumbani nimeyasikia kwao wote wawili, na safari hii tu hawakupingana.

Mama Seul-gi alirudi na kopo la kaa na bega lililochoshwa na basi. Mezani alikuta kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cha waridi, fundo juu, kama zawadi za harusi zinavyofungwa. Alikifungua bila haraka. Akakitazama kile kipande cha alumini, akakiinua, na uso wake ukalegea, kwa sababu kilikuwa chepesi.

"Nzuri," akasema. "Na yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo. Swichi ni zilezile, nimeziosha kwa mkono wangu. Piga usikie."

Akakaa. Akaweka vidole mahali pake bila kutazama, kama afanyavyo siku zote, akaanza sentensi. Neno la kwanza halijaisha, kidole cha mkono wa kushoto kikapanda juu kutafuta kitu, kikagonga ukingo wa chuma. Tik. Akarudia. Tik. Akatazama kidole, akatazama ukingo.

"Baba Seul-gi, safu yangu iko wapi?"

"Namba? Zimo. Unashikilia hiki hapa, halafu..."

"Sikuulizi namba. Nakuuliza herufi."

Chil-seong alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Herufi hizo hapo, zote."

"Zako ndizo ziko hapo. Zangu zinafika juu."

Hapa sina budi kueleza. Wengi wetu tunapiga kwa mtindo wa seti mbili, konsonanti mkono mmoja, vokali mwingine, na herufi zote zinaenea kwenye safu tatu. Namba zinaishi peke yao juu. Lakini wale waliofunzwa kwa mashine za chapa katika shule za ukarani wa zamani walifundishwa seti tatu: herufi za kuanzia silabi mkono wa kulia, vokali katikati, za kuifungia mkono wa kushoto. Ni nyingi, hazitoshi kwenye safu tatu, basi zinapanda mpaka kwenye safu ya namba. Watu hao wamebaki wachache. Mama Seul-gi alihama na mtindo wake kutoka mashine ya chapa hadi kompyuta, na ofisini hakuna aliyewahi kuazima kibodi yake, kwa kuwa ukiipiga kinachotoka hakisomeki. Chil-seong alijua kwamba hawaiazimi. Alidhani ni heshima.

Mama Seul-gi alimweleza hayo kwa maneno machache, kwa upole, kama alivyokuwa akimweleza mtu dirishani kwamba amekosea ofisi. Kisha akakunja kitambaa cha waridi katika pembe nne.

"Miaka yote hiyo," akauliza, "ulikuwa unasikiliza nini?"

Chil-seong alikuwa na jibu la swali hilo. Angeweza kulijibu kwa saa nzima, sisi tunamjua. Badala yake akaifunika kibodi kwa kiganja.

Mama Seul-gi alipiga simu kituoni kuomba jina lake liondolewe. Kijana wa huko akamwambia majina yanafungwa wiki ya mwisho, afikirie kwanza. Akajibu atafikiri, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha fikiri.

Na hakukasirika. Hilo ndilo lililomtesa Chil-seong. Wali uliwekwa mezani, samaki akawekwa, Chil-seong akaulizwa kama nje kuna baridi. Ila mke wake aliacha kumwomba kitu. Taka alitoa mwenyewe. Siku moja Chil-seong aliingia jikoni akamkuta anafungua mtungi wa uduvi uliokazwa, kwa bega lilelile, meno yameumana. Akanyoosha mikono aupokee.

"Acha," Mama Seul-gi akasema. "Nimeshafungua."

Jumamosi alikuja Euljiro, akakaa bila kuvua koti.

"Mke wangu ni seti tatu," akasema.

Han-bin aliweka brashi chini. "Seti tatu? Kaka, bado wapo?"

"Yupo mmoja. Anaishi kwangu."

"Na hukujua?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Hakuna aliyemcheka, na kwa kundi letu hiyo ni rambirambi. Kipande cha bamba na cha ubao wa saketi vilikuwa bado kwenye pipa la Bwana Seok, lakini swichi tulikuwa tumegawana. Basi mzee wetu akaanza kuzunguka Seoul kukusanya safu ya mke wake. Yangu niliichomoa palepale. Ya Han-bin ilikuwa inaning'inia kwenye ufunguo wa choo cha zahanati, na ilibidi asubiri mgonjwa atoke. Moja ilikuwa imeenda Busan na mwenyewe aliyehamishwa kikazi. Ilirudi ndani ya bahasha, imezungushiwa mwani wa kukaanga isigongwe. Iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kwa mke wa Bwana Seok, aliyekuwa ameibandika juu ya kifuniko cha chungu iwe kishikio.

"Na mimi nitafunuliaje chungu?" akauliza.

"Shemeji, mke wangu hawezi kuandika."

"Amevunjika mkono?"

"Hapana. Nimemkatia herufi."

Mama yule alimtazama tangu kofia hadi viatu. Kisha akachukua kisu, akaibandua, akampa. "Chungu nitakifunua kwa kitambaa," akasema. "Wewe nenda."

Alifanya kazi pale juu kwa Bwana Seok, na safari hii hakufumba macho hata mara moja, maana kuunga ni kazi ya jicho. Bamba lililokatwa halirudi kuwa moja. Alilifunga kwa vyuma vidogo na bolti. Sanduku la alumini, lile lenye kingo za duara, ilibidi lipasuliwe upande wa juu. Bwana Seok alilipasua huku akigeuza uso pembeni, kama anayemchinja kuku aliyemlea. Safu ya namba ikakaa nyuma, imeinuka kidogo, na pengo katikati unapoweza kupitisha njiti ya kiberiti. Nyaya za bluu na za njano zilionekana pembeni. Ilifanana na nyumba iliyoongezewa roshani na shemeji asiye fundi.

"Kaka," Han-bin akasema, na alijitahidi sana, "wakikuuliza, usiseme imetoka kwetu."

"Inaandika?"

"Inaandika."

"Basi."

Aliniomba nimsindikize nyumbani, nimbebee kopo la skrubu. Ndani ya kopo kulikuwa na skrubu mbili. Nilielewa, nikalibeba.

Mama Seul-gi alikuwa jikoni, ameketi sakafuni mbele ya beseni, anakata mikia ya machipukizi ya soya. Alinikaribisha, akanimiminia chai ya shayiri, akaniuliza habari za mama yangu. Kwa mumewe akasema, "Umerudi."

Chil-seong aliiweka kibodi mezani chumba cha pili, mlango wazi, akaichomeka.

"Mama Seul-gi. Njoo uijaribu."

"Ijaribu wewe. Wewe ndiye fundi."

"Fundi amemaliza. Sasa inamtaka mwenyewe."

"Mwenyewe ana machipukizi."

Alikaa. Alibadilisha kompyuta ikubali seti tatu, jambo lililomchukua muda na kuguna kwingi, kisha akajaribu kuandika. Nilikuwa nyuma yake. Kilichotokea kwenye skrini hakikuwa lugha ya mtu yeyote. Alifuta. Akajaribu tena, kidole kimoja kimoja, akiinama mpaka pua ikakaribia kugusa vibonye, akitafuta herufi moja kwenye roshani yake mwenyewe na kutoipata, kwa sababu vibonye vilikuwa vitupu. Tulivichagua hivyo, bila maandishi, kwa uzuri. Tak. Kimya. Tak. Kimya kirefu. Tak.

Kule jikoni kisu kiliacha kukata.

"Nani huyo," Mama Seul-gi akasema bila kugeuka, "anayetembea amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia?"

"Ni mimi."

"Nimesikia kuwa ni wewe. Ofisini kwetu ungefukuzwa asubuhi."

"Ningefukuzwa kabla ya chai," Chil-seong akakubali.

Tak. Kimya.

"Hiyo siyo," akasema Mama Seul-gi. "Ulitaka ya kufungia, umepiga ya kuanzia. Mkono mwingine."

"Upi?"

"Baba Seul-gi, una mikono mingapi?"

Akahamisha mkono. Tak.

"Lo," Mama Seul-gi akasema, na nikamsikia akiweka kisu ndani ya beseni. Alijifuta mikono, akaja akasimama mlangoni. Akakitazama kile kitu: alumini iliyopasuliwa, nyaya za njano, safu iliyoinuka. Midomo yake ilifanya kazi kubwa kuzuia kicheko.

"Hii," akasema, "ndiyo nitakayokwenda nayo mbele ya Guk Mi-ryeong?"

"Atacheka."

"Atacheka mpaka akae chini."

"Akikaa, wewe anza kupiga."

Hapo nilijua jina halitaondolewa. Na niseme sasa ili msiendelee kungoja: alikwenda. Bi Guk alicheka kweli, akaita watu waje waone. Mama Seul-gi alikuwa wa tatu. Bi Guk wa pili. Wa kwanza alikuwa mtawa mmoja mstaafu, mwenye kibodi ya bei rahisi isiyo na sauti yoyote, na klabu yetu mpaka leo haijui la kufanya na habari hiyo.

Lakini mchana ule, pale mezani, Mama Seul-gi alimsukuma mumewe kwa nyonga, naye akasogea kwenye kiti hadi wakagawana, nusu kwa nusu, kama watu wa basi. Akaweka vidole. Akaanza taratibu, akipima pengo. Mkono wa kulia ukafungua, wa kushoto ukafunga, kidole cha shahada kikapanda juu ya ule ufa, kikakuta kitu chini yake, kikashuka. Akapanda tena. Skrini ikaanza kujaa. Bega halikunyooka pembeni hata mara moja, kwa kuwa uwanja wa namba ulikuwa umekwisha ondoka na kipanya kilikuwa hapo karibu, na hilo, kwa haki, lilikuwa kazi ya Chil-seong.

Nilingoja afumbe macho. Kibodi ilikuwa inalia vizuri, nasema ukweli, licha ya bolti zile. Mimi mwenyewe nilitamani kufumba. Yeye aliinama mbele, mikono kati ya magoti, akiangalia vidole vya mkewe kama mtu anayeangalia watoto wakivuka barabara. Vilivuka, vikarudi. Kidole kidogo cha kushoto kilikwenda pembeni kabisa ya safu ya juu, upesi mno, kikatoka.

Mama Seul-gi alipumzisha vidole apumue.

"Rudia hapo, Mama Seul-gi," Chil-seong akasema, kwa sauti ya chini hata mimi niliyekuwa nyuma yake nikaipata kwa shida. "Sikuona vizuri."